Wawili, hata kama ini ni moja

Watoto wawili wa kiume kutoka Igunga, jirani zetu wa ng'ambo ya mto Manonga, waliingizwa chumba cha upasuaji mjini Riyadh tarehe 5 Oktoba 2023 wakiwa wameshikana kuanzia kifuani hadi nyonga. Walitoka baada ya saa 16, kila mmoja na kitanda chake. Walikuwa na umri wa miaka miwili. Timu ya watu 35 chini ya Dk. Abdullah Al-Rabeeah iliifanya kazi hiyo kwa hatua tisa, maana waliungana ini, utumbo na kibofu, na walikuwa na mguu wa tatu wa shirika. Programu ya Saudi Arabia ya kutenganisha mapacha ilianza mwaka 1990, na upasuaji wa watoto wa Igunga ulikuwa wa 59.

Habari ilipofika huku kwa redio na simu, watu walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Lakini pembeni ya furaha likasikika lile swali ambalo huulizwa kila anapozaliwa mtoto asiyefanana na wenzake, kuanzia Kishapu hadi Runzewe. Nani kafanya nini? Mama alikanyaga nini? Baba ana deni gani kwa mganga? Tusijidanganye kwamba ni ujinga wa kijijini. Wafuasi wa Bwana waliuliza vivyo hivyo. Katika sura ya tisa ya Injili ya Yohane wanamwona mtu aliyezaliwa kipofu, na badala ya kuuliza jina lake wanafungua kesi: mwenye dhambi ni yeye au wazazi wake? Yesu haisikilizi kesi hiyo. Anatema mate, anafanya tope, anampaka yule mtu machoni, anamtuma akanawe Siloamu.

Juma hili nimeisoma sura hiyo huku nikiwawaza mapacha walioungana, kwa sababu wanatubana kuliko yule kipofu. Kwake swali lilikuwa nani kakosa. Kwao lipo swali linalotangulia hilo, na watu huliuliza kwa sauti ya chini wakichungulia kitandani: huyu ni mmoja, au ni wawili?

Yanayojulikana kuhusu chanzo chake si mengi, lakini yanatosha kufunga mdomo wa mpiga ramli. Mapacha wanaofanana hutokana na yai moja lililorutubishwa kisha likagawanyika. Likigawanyika siku za mwanzo, watoto hukua kila mmoja kivyake. Likichelewa hadi baada ya siku ya 13 hivi, mgawanyiko hukomea njiani, na watoto wanabaki wameshikana pale ulipokomea. Wapo wataalamu wanaoshikilia kwamba baadhi yao huanza wakiwa wawili kamili, halafu wakaungana tena walipogusana. Ubishi huo bado upo. Ni jambo la nadra: hutajwa mimba moja kati ya 50,000 hadi 100,000, na wengi wa watoto hao huzaliwa wamekwisha kufa. Wanaozaliwa hai wengi ni wasichana, karibu watatu kwa mvulana mmoja. Sehemu kubwa huungana kifuani au tumboni. Wanaoungana vichwa ni kama wawili tu kati ya mia. Hakuna kwenye maelezo hayo nafasi ya laana, wala ya mama aliyekula mayai akiwa mjamzito.

Huku machimboni wananiuliza pia kuhusu zebaki, na hilo ni swali la watu wenye akili. Mwanamke anaosha dhahabu mwaloni Lwamgasa au Nyarugusu akiwa na mimba, anaishika zebaki kwa mikono mitupu, jioni mumewe anaichoma kwenye jiko lile lile la ugali. Zebaki ni sumu kwa ubongo na mishipa ya fahamu ya mtoto aliye tumboni. Hilo halina mjadala, na Tanzania imeridhia Mkataba wa Minamata unaotaka matumizi yake yapunguzwe machimboni. Lakini haijathibitika kwamba ndiyo inayowaunganisha mapacha. Basi mwambieni mama aiache kwa madhara yake ya kweli, nayo ni mengi. Msimtwishe na lisilo lake.

Naling'ang'ania swali hili la nani kafanya nini kwa sababu ya tulikotoka. Mikoa yetu hii imewahi kuugeuza mwili wa mtoto aliyezaliwa tofauti kuwa bidhaa. Tangu miaka ile ya 2006 na 2007, watu wenye ualbino waliwindwa Shinyanga, Geita na Mwanza, viungo vyao vikitafutwa kwa imani kwamba vinavuta dhahabu na kujaza nyavu. Buhangija, hapa Shinyanga mjini, shule ya watoto wenye mahitaji maalumu ikawa kimbilio, watoto wakilala hapo hata wakati wa likizo kwa kuwa nyumbani si salama. Januari 2015 serikali ikapiga marufuku waganga wa ramli. Na wale waliokwenda kwa mganga kuuliza kwa nini duara la dhahabu halitoi, tusiseme walikuwa wapagani wa mbali. Wengine walikaa kwenye mabenchi yetu Jumapili, wakatoa sadaka.

Na bado ni huku huku Usukumani ambako mapacha wana majina yanayowangoja hata kabla hawajatungwa mimba. Wa kwanza ni Kulwa, wa pili ni Doto, na atakayezaliwa nyuma yao ni Shija. Bibi hasubiri kipimo wala kikao cha ukoo. Mkunga akishasema ni pacha, majina mawili yamekwisha shuka. Katika hilo wazee wetu waliwatangulia wanasheria wa Kanisa, nami nalisema nikiwa padre. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917, iliyotumika hadi 1983, ilikuwa na kanuni ya 748 kuhusu watoto wanaozaliwa na maumbile ya ajabu. Iliwataja kwa lugha ya kutisha ambayo nashukuru sheria mpya haikuirithi. Iliagiza wabatizwe, walau kwa sharti. Na ikiwa haijulikani kama ni mtu mmoja au zaidi, mmoja abatizwe bila sharti na waliobaki kwa sharti. Ukiondoa ile lugha, agizo lenyewe lilikuwa na huruma ndani yake: penye shaka, hesabu yenye wengi ndiyo ishike. Mwaga maji tena.

Mfano wake ni wa zamani kuliko kanuni. Mwaka 1533, Santo Domingo, kisiwani Hispaniola, walizaliwa wasichana wawili walioungana, wakaitwa Joana na Melchiora. Padre aliwabatiza wote, wa pili kwa sharti. Hawakumaliza siku nyingi. Walipokufa, akaitwa daktari wa upasuaji afungue mwili ili ijulikane zilikuwa roho ngapi, na hiyo inakumbukwa kuwa ndiyo mara ya kwanza maiti kupasuliwa kwa uchunguzi wa kitabibu katika Amerika, enzi za Wahispania. Akakuta viungo viwili viwili, ini tu ndilo limeshikana. Ikaamuliwa kwamba roho zilikuwa mbili na padre hakukosea. Naipenda habari hii hata kama inachekesha: watu wazima na elimu yao wameinama juu ya ini, wanatafuta roho ndani yake.

Kisu cha leo kina kazi nyingine. Wengi wetu tukisikia kutenganishwa tunadhani ni tendo moja la siku moja, mara chwaa, kila mtu kwake. Kumbe kazi kubwa hufanyika kabla. Kwa miezi watoto hupigwa picha za kila namna, na kinachotazamwa kwanza ni moyo. Ikiwa kila mmoja ana wake, tumaini lipo. Mioyo ikiwa imeungana kwenye vyumba vyake vya chini, vile vinavyosukuma damu, madaktari wengi huweka kisu chini. Ini lina nafuu, kwa kuwa ini likikatwa hukua tena, mradi kila mtoto awe na njia yake ya nyongo. Halafu kuna ngozi, jambo ambalo mimi nisingelifikiria kamwe. Ukiwatenganisha, kila mmoja anabaki na ubavu ulio wazi, na ngozi iliyopo haitoshi kuufunika. Kwa hiyo wiki nyingi kabla ya siku yenyewe hupandikizwa chini ya ngozi vifuko vya silikoni, vikaongezwa maji ya chumvi kidogo kidogo, ngozi ikavutika na kukua mpaka ipatikane ya kutosha wawili. Mchimbaji wa Mgusu hahitaji kuelezwa zaidi: hakuna anayeukata mwamba kabla ya kusimamisha matimba.

Siku ikifika, kila kitu ni viwili. Mashine mbili za usingizi, timu mbili, akiba mbili za damu. Nyaya na mirija ya mtoto mmoja hufungwa utepe wa rangi moja na ya mwenzake rangi nyingine, ili pakitokea haraka dawa ya huyu isiende kwa yule. Na hata hivyo inaweza kwenda, kwa sababu damu inazunguka katika wote; daktari wa usingizi akimchoma mmoja sindano lazima awe anamtazama na wa pili. Kisha, baada ya saa nyingi, mmoja hunyanyuliwa na kupelekwa meza ya jirani, na timu inagawanyika. Watu hupiga picha dakika hiyo. Mimi macho yangu yanarudi kwenye ule utepe wa asubuhi. Hesabu ya wawili ilikwisha fanyika pale, mkato wa kwanza haujafanywa.

Msidhani kazi hii inajulikana Uarabuni tu. Mwaka 2018 Muhimbili waliwatenganisha mapacha wachanga kutoka Kisarawe, na mwaka 2022 wakafanya tena upasuaji wa namna hiyo. Nairobi, Hospitali ya Kenyatta, Novemba 2016, wasichana wa Meru walioungana chini ya mgongo walifanyiwa upasuaji wa saa 23 baada ya kungoja hospitalini miaka miwili. Miaka mitatu nyuma watoto wa Mbeya walikuwa wamepelekwa Chennai, India. Si kila mara wote wawili hurudi nyumbani. Wazazi huambiwa hivyo kabla ya kutia saini, na hapo ndipo inapotufikia hukumu ya Solomoni.

Mnaijua, Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya tatu. Wanawake wawili, mtoto mmoja, mfalme anaagiza upanga. Mahubiri yetu humsifu mfalme kwa hekima. Mimi siku hizi namtazama mama, yule aliyekuwa radhi mtoto achukuliwe na mwingine, mradi upanga urudi alani. Namtazama kwa sababu ya kesi iliyotokea Manchester, Uingereza, mwaka 2000. Mahakama iliwaita watoto Jodie na Mary, majina ya kuwastiri. Wazazi walikuwa Wakatoliki kutoka Gozo, kisiwa cha Malta. Moyo na mapafu ya Jodie ndivyo vilivyowaendesha wote wawili; vya Mary havikuweza. Madaktari walisema wakiachwa watakufa wote katika muda wa miezi, na wakitenganishwa Mary atakufa hapo hapo mezani. Wazazi wakakataa: hawawezi kuridhia mtoto wao mmoja auawe ili wa pili aishi. Hospitali ikaenda mahakamani. Askofu Mkuu wa Westminster, Cormac Murphy-O'Connor, akapeleka maoni yaliyosimama upande wa wazazi. Septemba majaji wa rufaa wakaruhusu. Upasuaji ukafanyika Novemba. Mary akafa, Jodie akaishi, akarudi Gozo na wazazi wake.

Mkiniuliza nilipo, nipo pabaya. Naona askofu alisema kweli, kwamba mtu asiye na hatia haondolewi uhai ili kumnusuru mwingine, hata wa damu yake. Na naona kwamba Jodie yupo, na kama tungeshinda sisi asingekuwepo. Sijaweza kuyakutanisha hayo mawili, na namwogopa padre anayeyakutanisha kwa sentensi moja. Ninachoweza kuwaonyesha ni kwamba wazazi, askofu na majaji, waliotofautiana karibu katika kila jambo, hawakutofautiana kwamba Mary alikuwa mtu. Majaji walioruhusu kisu waliandika hivyo. Ingekuwa rahisi kwao kusema ni kiungo cha ziada kwenye mwili wa dada yake, na kesi ingekwisha siku moja. Hawakusema.

Wapo pia ambao kisu hakikuwagusa kabisa. Maria na Consolata Mwakikuti hamjawasahau. Walizaliwa Makete mwaka 1996, wakafiwa na wazazi wangali wadogo, wakalelewa na masista wa Consolata, na ndipo walipopata majina. Vichwa viwili, mioyo miwili. Kuanzia kiunoni mwili ulikuwa mmoja. Mwaka 2017 walimaliza kidato cha sita Sekondari ya Udzungwa, wilayani Kilolo, wakafaulu, wakajiunga na Chuo Kikuu Katoliki Ruaha pale Iringa wakitaka kuwa walimu. Waliwahi kuiambia BBC kwamba wangependa kuolewa na mume mmoja, na nchi nzima ikapata la kubishania kwenye daladala. Mapema 2018, walipokuwa wamelazwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Rais Magufuli alikwenda kuwajulia hali. Walifariki Iringa tarehe 2 Juni mwaka huo, wakiwa na miaka 21, wakazikwa Tosamaganga.

Hotuba za siku zile ziliwaita mfano wa uvumilivu. Huenda. Lakini msichana anayewaza mtihani, mkopo wa chuo na mume hana nafasi ya kuwaza kuwa mfano, na hawa walikuwa wasichana wawili wa hivyo. Wengine walikuwa wakiuliza kwa huruma mbona hawatenganishwi, kana kwamba maisha yao yanangoja kisu ndipo yaanze. Yalikuwa yamekwisha anza zamani, na yalidai vitu vya kawaida: kiti cha upana wao, bafu la kugeukia, gari la kuwabeba, na mwalimu anayejua kwamba akisahihisha lazima asahihishe karatasi mbili. Mtoto mmoja wa darasa la Kipaimara aliniuliza, wangekuja kukomunika, padre angewapa hostia ngapi? Mbili, mwanangu, na kila mmoja aitikie Amina yake.

Sasa niseme na nyinyi wa maduarani, kwa sababu huko ndiko mimba zinakotupotea. Rashi ya dhahabu ikitoka Mwakitolyo watu wanahama, ikisikika Nyakagwe wanahama tena, na kadi ya kliniki inabaki kwenye hema la zamani. Shirika la Afya Duniani linashauri mama apimwe ultrasaundi kabla ya wiki ya 24. Mapacha walioungana wanaweza kuonekana mapema kuliko hapo, kuanzia mwisho wa miezi mitatu ya kwanza. Wakijulikana mapema, mama hupelekwa Bugando au Muhimbili wakati angali anatembea kwa miguu yake, akapangiwa siku ya kuzalishwa kwa upasuaji. Wasipojulikana, anayegundua ni mkunga wa zahanati, usiku, peke yake, uchungu umekwama, na usafiri uliopo ni bodaboda. Tena hata kama hutakutana na jambo hili maishani, kipimo hicho hicho kinaonyesha kondo lililotangulia na mtoto aliyelala vibaya, na hayo yanawaua wanawake wa huku kila mwaka. Akina baba, mnaojua kuuza gramu kwa bei ya asubuhi, kipimo hicho hakiwashindi.

Mtoto akizaliwa hivyo kwenye jumuiya yenu, mtu asiingie na simu mkononi. Katekista aende, na akiona hawatafika asubuhi awabatize mwenyewe, maji mara mbili, majina mawili. Kama familia imeshikwa na butwaa na haina la kuwaita, Kulwa na Doto wako tayari. La mtakatifu tutaongeza tukifika.

Wakirudi hai kutoka Riyadh au Dar es Salaam, kamera huondoka uwanjani siku ile ile. Mguu wa bandia hubadilishwa kila mtoto anapokua. Njia ya mkojo huweza kuhitaji upasuaji wa pili na wa tatu. Kliniki iko Muhimbili, na safari ni ya mama na watoto wawili, kwa basi, kulala Dar kwa nani haijulikani. Sadaka ya pili ya Jumapili ijayo itaingia mfuko wa wagonjwa wa parokia kwa safari kama hizo, za watoto wenye kasoro za kuzaliwa wa aina yoyote. Makatibu wa jumuiya wana daftari. Mwenye mtoto wa kuandikisha amwone katibu wake kabla ya Jumamosi.